Mwenge wa Mistari Mitatu

“Chumba cha tatu cha nyumba hii ni changu,” Mama Pacha alisema, “na humo ndani mwanamke ni mmoja tu, mimi. Kwa hiyo usinizungushe. Nataka kujua nani ananiua, na kwa nini Jumamosi.”

Alikuwa amesimama mlangoni mwa saluni yangu, mikono kiunoni, kitambaa cha kichwa kimeangukia jicho moja. Mimi nilikuwa na kitana mdomoni na kichwa cha mfamasia mikononi, upande mmoja umesukwa, upande wa pili umesimama kama umeona jambazi. Nikamjibu kwa pembe ya mdomo kwamba hakuna anayeuawa. Akasema nisimfanye mtoto. Amesikia kwa masikio yake, kupitia dirisha lilelile ninalotumia kusikilizia mambo yake. Akarudia neno kwa neno, na lazima nikiri, kumbukumbu anayo: mwanamke wa chumba cha tatu, nguvu mbili, akili nne, mdomo hana, akirushiwa chumvi anakufa palepale, na yote yawe tayari Jumamosi saa nane.

“Na kama ni ile kamba ya kuanikia nguo,” alimalizia, “mbona tulishasameheana?”

Hatukuwa tumesameheana. Tulikuwa tumechoka tu.

Mfamasia alicheka mpaka mstari ukaniponyoka. Nikatoa kitana mdomoni, nikamwomba Mama Pacha aingie akae nimweleze. Haingii. Ataelezwa akiwa amesimama, tena mlango wazi, watu wawe mashahidi. Basi nikamweleza hivyohivyo, na wapita njia wawili wakasimama kusikiliza bure.

Mambo yalianza miaka mitatu nyuma, mteja mmoja aliposahau kitabu kwenye kiti changu, kinene kama tofali. Kilikuwa kitabu cha mchezo wa masimulizi: mmoja anasimulia, wengine wanakuwa watu ndani ya hadithi, na pale ambapo hakuna ajuaye kitakachotokea, dadu inarushwa. Mwenyewe aliporudi kukichukua nilimwambia hakitoki hapa mpaka anifundishe. Nilikuwa nimeshasoma kurasa arobaini, na nilitaka kujua yule mlinzi wa daraja alifanywa nini.

Tukajaribu kucheza palepale, yeye kitini, wengine wawili wakisubiri zamu. Haikuwezekana. Kanuni za kitabu kile zilitaka kila mchezaji awe na karatasi yenye visanduku vingi kuliko fomu ya pasipoti, dadu ya pande ishirini, na jedwali la kila kitu, hadi la kuteleza kwenye matope. Sasa, mtu anayesukwa haangalii chini. Akiinamisha shingo kutafuta kisanduku chake cha ujasiri, mstari unapinda, na mstari ukipinda anasemwa msusi, jedwali halisemwi. Baada ya pambano moja tu na popo, mteja yule alitoka kwangu na kichwa kama shamba lililolimwa na mlevi.

Kwa hiyo nikazitupa kanuni, nikabaki na hadithi. Nikatunga za kwangu, kanuni za watu wasioweza kugeuza kichwa. Kila mtu ana vitu vitatu tu, avibebe akilini: Nguvu, Akili na Mdomo. Dadu ni mbili za kawaida, zinarushwa kwenye sahani ya pini. Ukijumlisha na ulichonacho ukafika kumi, umefaulu. Na muda, hapa ndipo nilipojiona msomi, haupimwi kwa saa. Unapimwa kwa mistari ya nywele. Mwenge unawaka mistari mitatu. Sumu inafika moyoni kwa mistari miwili. Mteja anausikia muda ukitembea kichwani mwake, na vidole vyangu vikishafika kisogoni hakuna haja ya kumwambia mtu kwamba giza linakuja.

Waliokuwa wakija kusukwa kila baada ya miezi miwili wakaanza kuja kila mwezi. Wapo waliofumua nywele nzuri kabisa, hata wiki tatu hazijaisha, ili tu waendelee na safari. Nyumba ikajaa. Napenda nyumba ikijaa. Mtu akiniambia anatafuta utulivu namwuliza ameudhiwa na nani.

Baadaye nikagundua kwamba mtandaoni kuna jukwaa zima la watu wa kazi hii. Wanachukua mkasa, yaani hadithi ya kuchezwa, uliochapishwa kwa kanuni hizi, wanauhamishia kwenye kanuni zile. Joka la pointi mia mbili linakuwa joka la pointi ishirini, mtego unabadilishiwa namba, kisha faili linawekwa kwenye ghala la jukwaa, anayelitaka achukue. Wachapishaji wengine wanaruhusu, ilimradi usinakili maneno yao. Nikajiunga kwa jina la Dada Kitana. Nikachagua mkasa uitwao Kisima cha Malkia Kiziwi, vyumba kumi na viwili chini ya ardhi, na kwa kuwa mikono yangu haina nafasi niliubadilisha kwa kuongea: huku nasuka, huku simu inarekodi. Ilichukua miezi minne. Wateja walichangia. Mfamasia alirekebisha sumu zote, akisema hakuna sumu duniani inayofanya kazi namna ile na yeye hawezi kukaa kitini kimya akisikia uongo.

Faili likakaa ghalani siku sita. Siku ya saba, msimamizi wa jukwaa, anayejiita Mizani, akaandika mbele ya watu wote kwamba kazi hii haifai. Mizani ni mtu wa hesabu. Kila mnyama humpigia mahesabu mpaka uwezekano wake wa kukuua uwe uleule katika kanuni zote mbili, hadi desimali ya pili. Aliandika kwamba Mdomo si kipimo kinachojulikana, kwamba nimepunguza mapigano kutoka kumi na tisa hadi matano, na kwamba ghala si mahali pa kutunzia soga za saluni.

Ningekaa kimya? Nikaandika kwamba soga hizo za saluni zimeshachezwa na watu hamsini na watatu, majina na mitindo ya nywele ninayo, je, mahesabu yake yamechezwa na wangapi. Wakacheka watu. Naye, ili asionekane ameshindwa maneno, akatoa sharti: Jumamosi saa nane mchana niusimulie mkasa kwa video, jukwaa zima likitazama, kwa wachezaji wawili atakaowachagua yeye. Halafu wao watatu watapiga kura. Nikipita, faili linabaki ghalani kama lilivyo. Nikishindwa, linafutwa.

Nilimweleza Mama Pacha yote hayo, hata nikaona nimemaliza vizuri. Alikuwa amesikia jambo moja.

“Kwa hiyo huyo mwanamke wa chumba cha tatu,” alisema, “hana mdomo.”

Nikasema ndivyo ilivyo kitabuni, analinda ngazi tu, wanampiga wanapita. Akanitazama juu mpaka chini, akarekebisha kitambaa chake, akasema Jumamosi atakuja kuona kwa macho.

*

Jumamosi nilifunga saluni. Nilitaka nionekane mtu wa maana. Niliondoa picha za mitindo ukutani, nikasogeza kiti cha kusukia kona, nikavaa miwani ya kusomea. Wateja wawili niliwarudisha mlangoni. Hilo ndilo lilikuwa kosa lenyewe, ila nilikuwa sijalijua bado.

Kwenye kioo cha simu walitokea watu watatu. Mizani, mbele ya rafu ya vitabu iliyopangwa kwa urefu. Mwanamke aitwaye Daktari, ambaye kweli ni daktari wa meno, alikuwa kliniki kwake na nyuma yake kile kiti chao cha kulaza mtu. Wa tatu anajiita Bundi, na kamera yake ilionyesha paji la uso, makabati ya chuma na taa ya dari, basi. Chini pameandikwa idadi ya watazamaji: mia na kumi. Mama Pacha naye alikuja kama alivyoahidi. Hakuingia. Aliegemea mlango, mikono imekunjwa, kama mtu aliyekuja kushuhudia mazishi yake mwenyewe na ana wasiwasi yatafanywa vibaya.

Nikaanza. Daktari alikuwa mwizi wa makaburi, Bundi mtu wa shoka. Walishuka kisimani kwa kamba, wakafika chini, wakawasha mwenge. Mambo yalikuwa yanakwenda. Bundi akauliza mwenge huu utawaka muda gani. Nikamjibu bila kufikiri, kama ninavyojibu kila siku ya Mungu: mistari mitatu.

Mizani akauliza mistari ya nini.

“Ya nywele,” nikasema.

Sijawahi kuona watu mia na kumi wakicheka kwa maandishi. Kioo kilijaa, juu mpaka chini, hata sura za watu zikafichika. Mizani hakucheka. Alifanya jambo baya zaidi: alikuwa mpole. Akaniuliza, kama anavyoulizwa mgonjwa, “Dada, hapa nani anasukwa?”

Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa juu ya meza, imelala, kama ya mtu mwingine. Miezi minne nilikuwa nimeandika faili zima, mwenge, sumu, njaa, mafuriko ya chumba cha tisa, kwa kipimo ambacho kila mtu saluni kwangu anacho kichwani na hakuna mwingine duniani anacho, na sikuwahi kuliona hilo hata siku moja. Nyani haoni kundule. Mimi la kwangu nilikuwa nimelitangaza kwa video.

Dawa ilikuwa rahisi. Ningesema tu dakika kumi, mchezo uendelee, yaishe. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nikaona nikilisema hilo, nitakuwa nimewaambia watu hamsini na watatu kwamba walikuwa wanacheza utani, na kwamba mchezo wenyewe ni ule wa wenye meza.

Nikawaambia wasubiri. Nikavua miwani. Nikakivuta kiti cha kusukia kutoka kona mpaka katikati ya chumba, nikamgeukia Mama Pacha.

“Kaa.”

“Mimi?”

“Wewe. Toa kitambaa.”

Hapa lazima niseme jambo ambalo mtaa mzima unalijua na hakuna anayelisema mbele yake. Tangu wale pacha wake walipoajiriwa wakahama siku moja, wakamwachia vitanda viwili vilivyotandikwa, Mama Pacha hajamruhusu mtu kutia mkono kichwani mwake. Ndiyo maana ya kile kitambaa. Nilijua ninachomwomba, na nilimwomba mbele ya watu mia na kumi.

Aliangalia simu, maandishi ya vicheko bado yanapanda. Mchezo haukuwa umemwingia hata kidogo. Lakini watu wanaomcheka mtu, hao anawatambua hata wakiwa mbali.

“Nyie,” aliiambia simu, “huyu wa kumcheka ni mimi. Mimi ndiye jirani yake. Nyie mmemjua lini?”

Akavuka kizingiti, akakaa, akatoa kitambaa. Nywele zilikuwa zimeshikana kama mazulia, mvi zimejaa mbele. Hakuna aliyeandika kitu.

Nikaegemeza simu kwenye chupa ya mafuta, ikaona kichwa na mikono yangu. Nikachana, nikagawa, nikaanza mstari wa kwanza. Nikasema, “Mwenge unawaka.”

Na hapo mambo yakabadilika, na ninavyosema hivi sijisifu, kwa sababu hata mimi sikutegemea. Kule jukwaani wamezoea mtu kutaja muda, dakika tano zimepita, dakika kumi zimepita, hakuna anayeamini. Sasa waliuona ukitembea. Nilipofika katikati ya utosi, Daktari aliacha kupekua makaburi akasema twende. Nilipokaribia kisogo, Bundi alikuwa anahema. Mstari wa pili Daktari akaniomba nisuke taratibu. Nikamwambia moto haubembelezwi. Mstari wa tatu ulipobakiza vidole viwili, na wao bado wako kwenye ukumbi wa popo, Mama Pacha akainua mkono akajikuna.

“Subiri,” alisema, “panawasha.”

Akajikuna kwa utulivu mkubwa, kona zote. Wachezaji wakakimbia. Mizani akaandika kwamba huo ni udanganyifu. Nikamjibu kwamba chini ya ardhi upepo hutulia mara moja moja.

Wakafika chumba cha tatu.

Nikaeleza kilichomo: ngazi ya mawe, na mbele yake mwanamke, amekaa, anawatazama. Bundi hakungoja. Akasema anachukua chumvi mkononi. Ndipo Mama Pacha alipofumbua macho.

“Kijana,” alisema, “umeingia nyumbani kwa mtu bila hodi, mkononi umeshika chumvi. Unataka nini?”

Nikamkumbusha kwa kumnong’oneza kwamba mwanamke huyu hana Mdomo, ni sifuri, nimeandika. Akaniambia kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mimi ndiye nimeandika, yeye hajaandika, na kwamba katika maisha yake wamempunguzia mengi lakini hilo bado. Mfamasia, ambaye alikuwa anatazama kutoka dukani kwake, akaandika kwenye kioo: mpe kumi. Kisha mtu mwingine nisiyemjua akaandika: mpe kumi na mbili.

Lile paji la uso la Bundi lilisogea kidogo. “Hodi,” alisema.

Mama Pacha akamwuliza anatoka wapi, mama yake anajua yuko huku chini, na huyo Malkia amemkosea nini. Daktari akaingilia. Wakabishana, wakaombana, dadu zikarushwa mara mbili, na mara zote mbili wachezaji walishindwa, kwa sababu nani amewahi kumshinda Mama Pacha kwa maneno? Mwishowe aliwaruhusu wapite kwa sharti wamwachie mwenge mmoja, kwamba ni miaka mingi amekaa gizani akilinda ngazi ambayo hakuna anayeishukuru. Alilisema hilo la mwisho bila utani wowote. Mikono yangu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Mizani akapinga palepale. Kitabuni mwanamke huyo hupigwa, pambano linachukua raundi sita. Hili sasa si kubadilisha mkasa, ni kutunga mwingine. Nikamjibu kwamba kitabuni huyo huyo ameandikiwa kurasa mbili za maisha yake, ameolewaje, ameletwaje pale, na hakuna mchezaji aliyewahi kuzisikia kwa kuwa wote wanampiga kabla hajafungua kinywa. Nikamwuliza, mwandishi aliziandika azisome nani? Niseme kweli, hata mimi nilikuwa nimezipita. Nilimwandikia sifuri kwa haraka, mteja akiwa na harusi. Aliyezirudisha ni Mama Pacha, ambaye hajazisoma.

Tulimaliza saa kumi na moja kasoro. Malkia alipatikana, Bundi alipoteza sikio, Mama Pacha alikuwa na mistari kumi na minne. Nyuma ya Daktari mgonjwa wake alikuwa amelala kwenye kiti karibu nusu saa, kitambaa kifuani, ametega sikio, na hakuna aliyemgusa jino.

Mizani akakohoa. Alisema hawezi kukataa kwamba mchezo umependeza. Lakini ghala ni ghala. Kwa hiyo alikuja na njia ya kati: mistari itolewe, ziandikwe dakika, Mdomo uitwe Haiba kama wanavyouita wengine, pambano la chumba cha tatu lirudishwe, na chini kabisa iandikwe kwamba imesahihishwa na Mizani. Nisijisumbue, kazi yote ataifanya mwenyewe. Faili litabaki, na jina langu litabaki juu. Wapige kura juu ya hilo.

Daktari akasema yeye hapana, libaki kama lilivyo. Bundi akasita. Kisha mkono wake ukapita mbele ya kamera, umeinuliwa upande wa Mizani. Wawili kwa mmoja.

Sitadanganya. Nilitamani. Mtu ambaye shule ilimwishia njiani, jina lake likae mahali panapotembelewa na maelfu, hata kama linashikiliwa na mkongojo wa mtu. Nilikuwa nikifunga ncha ya mstari wa mwisho na nilikuwa natamani.

Mama Pacha akauliza wanasemaje. Nikamwambia.

“Basi waje wanisuke wao,” alisema.

Nikaichukua simu kutoka kwenye chupa, nikaiweka mbele ya uso wangu.

“Mizani,” nikasema, “mimi nimechukua mkasa wa watu wenye meza, nikaufanya wa watu wenye kiti. Wewe unataka kuurudisha mezani, halafu uandike umeusahihisha. Hukuusahihisha. Umeufumua. Na nywele alizosuka mwingine hazifumuliwi bila ya mwenye kichwa kusema.”

Akaanza kueleza utaratibu wa jukwaa. Nikamwambia asihangaike kufuta, nitalitoa mwenyewe. Nikalifuta faili ghalani watu wote wakitazama. Kidole kilikuwa na mafuta, kioo kikakataa mara mbili, mara ya tatu likaondoka. Kisha nikaandika neno la mwisho: anayeutaka kama ulivyo, aje auchukue. Nikaweka ramani, namba ya simu, na maelekezo: nyuma ya duka la dawa, mlango wa kijani, tunafungua asubuhi, tunafunga nywele zikiisha.

*

Jumapili simu ilikuwa kimya. Nilijifanya sina habari nayo, nikaiweka juu ya kabati, nikaishusha, nikaipandisha. Mfamasia alikuja akasema labda ningekubali zile dakika tu, yale mengine nikatae. Nilimwuliza kama sumu zake angekubali zirudishwe zilivyokuwa. Akarudi dukani kwake.

Jumatatu asubuhi Daktari aliandika akiomba faili, kwamba ameshaanza kucheza na wagonjwa kwa anachokumbuka, yeye anapima muda kwa meno. Watu wengine wanne wakaomba faili. Niliwatumia wote huku nasuka. Ghalani ningepata maelfu, najua. Nilipata watano. Nilirudisha picha za mitindo ukutani.

Mchana tulikuwa tunapakua chakula. Sufuria iko kwenye kigoda, mfamasia amefunga duka kwa nusu saa, wateja wawili wenye vichwa nusunusu wameshika sahani zao juu, maana kuinama hawawezi. Mama Pacha ndiye aliyekuwa anagawa. Tangu Jumamosi kitambaa alikuwa hakijui, na mtaani alipita njia ndefu kwenda kila mahali. Tukaona mtu amesimama nje ya mlango, mrefu, kipara, sare ya hospitali imekunjwa chini ya kwapa. Nililitambua lile paji la uso.

“Bundi,” nikasema.

Hakukana. Alisema amekuja kuomba faili. Vijiko vyote vikasimama. Nikamwuliza si aliinua mkono liharibiwe, sasa analitakia nini. Akajieleza akiwa hapohapo nje, polepole. Anafanya kazi wodi ya figo. Watu wanafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu saa nne nzima, mara tatu kwa wiki, mkono mmoja una sindano, hawawezi kugeuka wala kuandika. Ameshajaribu kuwachezesha kwa vile vitabu vinene, imeshindikana. Jumamosi alikuwa chumba cha kubadilishia nguo, na alipoona kanuni zangu alijua ni za watu wake. Tatizo wagonjwa wake wengi hawana nywele za kusukwa. Akadhani Mizani akiweka dakika atapata kitu cha kumfaa, ndiyo maana aliinua mkono. Hakujua ningeliondoa. Hakulala vizuri.

“Na dakika zinakufaa?” nikamwuliza.

Akatikisa kichwa. Alizijaribu jana. Mgonjwa wa mashine anazijua dakika kuliko mtu yeyote, alisema, anazichukia. Ukimtajia dakika kumi anakumbuka alipo. Lakini kuna mkanda wa presha, umefungwa mkononi, unabana wenyewe kila nusu saa. Anafikiria mwenge uwake mibano mitatu. Anataka kubadilisha faili zima namna hiyo, mistari iwe mibano. Kama naruhusu. Na kama siruhusu, ataelewa.

Nilimtazama nikatafuta hasira niliyokuwa nimemwekea tangu Jumamosi. Ilikuwepo. Niliiona vizuri kabisa. Lakini huyu alikuja akiwasemea wenye vichwa, wagonjwa wake.

Nikamwambia faili atapata. Abadilishe mwenge, abadilishe sumu, mfamasia huyu hapa atamsaidia. Mwanamke wa chumba cha tatu asiguswe mdomo. Na akimaliza asiandike popote kwamba amesahihisha.

Akasema sawa. Akashukuru, akageuka aende zake, akisema hataki kutusumbua tukila, tena mtu aliyetupigia kura ya hapana.

Mama Pacha alikuwa ameshachota. Akamnyooshea sahani, mkono umevuka kizingiti.

“Ingia ule,” alimwambia. “Kura yako tutaizungumza ukishashiba.”